Pampu inagonga, haionekani

Masanja wa Mwanza ameniandikia hivi:

"Shikamoo fundi. Nina boti ya matanga ya faiba, mita 9 na nusu, niliyoinunua mwaka jana kwa mgeni aliyekuwa anarudi kwao. Naifunga upande wa Capri Point, napeleka watu kisiwa cha Saanane na mara mojamoja Ukerewe. Tangi la choo limejaa. Nikibonyeza swichi nasikia pampu inagonga dugu dugu dugu huko chini, lakini tangi halipungui. Nimefungua kila kifuniko cha sakafu, pampu sijaiona. Fundi mmoja anataka akate kitanda cha nyuma kwa msumeno aitafute. Mwingine ananiambia nifungue tu valvu ya chini nikiwa katikati ya ziwa, mambo yaishe. Nifanye nini? Au ninunue pampu mpya?"

Marahaba, mdogo wangu. Mwenye msumeno mwambie akae kwanza anywe chai. Yule wa valvu usimsikilize kabisa, sababu nitakupa.

Umenisaidia sana kuandika hiyo dugu dugu. Pampu za maji taka zinazofungwa kwenye boti ni za aina mbili hasa, na kila moja ina sauti yake. Ile yenye visu vya kusagia na impela ya mpira, yaani kigurudumu chenye mapezi kinachozunguka ndani, hulia kama blenda, sauti nyembamba ya kukereketa, na ukiiendesha kavu kwa muda mfupi tu impela inaungua. Hii yako ni ya kiwambo. Ndani mna kipande cha mpira kama ngozi ya ngoma, mota inakivuta juu na kukisukuma chini, na kuna vilango viwili vya mpira: kimoja cha kuingizia, kingine cha kutolea. Ni pampu mvumilivu. Kama inagonga kwa nguvu, umeme unaifikia na mota ni nzima. Pampu mpya isahau kwa sasa. Ama hainyonyi, ama inanyonya lakini haina pa kusukumia.

Na hapo ninakushuku wewe kabla sijaishuku pampu. Boti hizi zilijengwa kwa ajili ya bahari. Kwa kawaida tangi linapeleka kwenye pampu, na pampu inasukuma nje kupitia valvu iliyo chini ya mstari wa maji. Mgeni wako, kama alikuwa mstaarabu, aliifunga valvu hiyo alipofika ziwani. Wewe umeikuta imefungwa, ukaiacha. Sasa pampu inasukuma ukuta. Ikiwa ndivyo, acha kubonyeza swichi leo hii, maana mpira wa zamani wa kupitishia uchafu ukichoka kuvumilia utapasuka, na utapasukia ndani.

Kwa nini basi usiifungue mkiwa katikati ya ziwa? Kwa sababu ziwa si bahari. Ziwa Victoria lina mlango mmoja tu wa kutokea, Mto Nile pale Jinja, na sehemu kubwa ya maji yake huondoka kwa kunyanyuliwa na jua. Jua linachukua maji, uchafu linatuachia. Halafu angalia umefunga boti wapi: Capri Point ndipo mamlaka ya maji ya jiji inapovuta maji ya kusafishwa ili yaje mabombani. Wako pia watu wa Ukerewe wanaochota kwa ndoo palepale unapotia nanga. Tena kuna Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, inayokataza kumwaga uchafu majini, iwe karibu na ufuko au mbali. Valvu hiyo iache imefungwa, na mpini wake ufunge kwa waya ili mgeni wa boti asiuguse kwa bahati mbaya.

Turudi kwenye tangi. Lazima litoke tupu kabla hujagusa kitu kingine, na kabla ya kulitoa tupu lazima lipumue. Umewahi kutoboa kopo la maziwa tundu moja? Hayatoki mpaka utoboe la pili. Tangi lako nalo lina tundu la pili: mpira mwembamba unaotoka juu yake hadi kwenye kitundu kidogo ubavuni mwa boti, karibu na sitaha. Kitundu hicho kikiziba pampu haivuti, na ukileta gari la kunyonya maji taka likavuta kwa nguvu zake zote, kuta za tangi la plastiki zinaweza kunywea zikaingia ndani. Huku kwetu huzibwa na nyigu, wale wanaojenga kwa udongo. Nimewahi pia kukuta kimezibwa na wale wadudu wa ziwani wanaosimama juu ya maji kama moshi. Walikuwa wameingia, wakafia humo, wakashikamana kama ugali wa jana.

Kwa hiyo anza sitahani. Tafuta kifuniko cha chuma kilichoandikwa WASTE, yaani uchafu. Soma vizuri, jirani zake ni cha maji na cha dizeli, na makosa hapo ni ghali. Kifungue polepole, uso ukiwa pembeni, kwa kuwa tangi lililojaa na kuziba hutema. Kikishakaa wazi, chukua kipande cha mpira, ukibane kwenye kile kitundu cha ubavuni, upulize kwa pampu ya baiskeli. Usipulize kwa mdomo. Hata kama una haraka.

Ukishasikia hewa inapita, ndipo unyonye. Mimi hutumia pampu ya mkono yenye mpira mrefu ninaoushusha kwenye tundu la sitahani, natoa kwenye madumu yenye vifuniko, tunayapeleka kumwaga kwenye shimo la choo nchi kavu. Ni kazi ya asubuhi nzima na haina heshima, lakini inakwisha. Kisha mimina maji safi, yumbisha boti, nyonya tena. Rudia mpaka yanayotoka yawe kama maji ya kuoshea vyombo. Majaribio yote nitakayokuelekeza kuanzia hapa ni ya maji safi.

Nakusisitizia hili kwa sababu mimi sikulifanya. Miaka ya nyuma niliitwa kwenye boti moja iliyofungwa upande wa Kirumba, pampu ikiwa chini, tangi juu yake. Nililala kichwa chini miguu juu ndani ya shimo la kuwekea kamba, saa saba mchana, jasho likinitiririkia puani. Nikalegeza klipu ya kwanza. Nilidhani mwenye boti alishatoa uchafu. Naye alidhani nimekuja na namna ya kuutoa. Pampu ikiwa chini ya tangi, mdogo wangu, huhitaji pampu. Uchafu unajua njia. Nilibana mdomo wa mpira kwa viganja viwili, nikawa sina mkono wa kujinyanyulia, nikabaki hivyo nikiita mpaka mtu akanivuta kwa miguu. Tangu siku hiyo natembea na jiriwa na vibao viwili: mpira unabanwa kati ya vibao kabla klipu haijaguswa.

Jambo jingine la humo ndani ni hewa. Uchafu uliokaa unatoa gesi ya mayai viza, ni nzito kuliko hewa na inalala chini, mahali hasa utakapoweka kichwa. Ikizidi, pua inaacha kuisikia, kwa hiyo harufu kupotea si dalili kwamba hewa ni salama. Fungua milango yote ya sitaha mapema, weka feni kama unayo, usiingie peke yako. Vaa glavu na miwani. Dawa ya klorini ya kufulia itumie mwisho, kwenye sehemu zilizokwisha suuzwa, na usiikutanishe na siki wala na mkojo uliobaki. Mchanganyiko huo unatoa moshi wa sumu.

Sasa kuitafuta. Watu wa Tanga walionifundisha majahazi wana msemo, "kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani." Tezi ni nyuma ya chombo, omo ni mbele, na ngama ni kule chini kabisa, maji yanakokusanyika na kufuliwa kwa ndoo. Wajenzi wa boti za faiba nadhani waliusikia msemo huu wakauelewa vibaya, maana kila kitu kisichopendeza macho walikirudisha ngamani, kisha wakajenga kitanda juu yake. Kwanza waliweka pampu, halafu samani. Ndiyo maana huioni kwa kufungua vifuniko vya sakafu: kifuniko kipo, ila kipo mahali pengine.

Usiitafute pampu, tafuta mipira. Tangi unalijua lilipo, na valvu ya chini unaijua ilipo. Kati ya hivyo viwili kuna mpira mnene, kwa kawaida wa kipenyo cha milimita 38 kwa ndani, mweupe au mweusi. Mtu mmoja aushike pale unapotoka kwenye tangi, autikise kwa mtindo wa kuvuta na kuachia, asiupige. Wewe tembea na tochi ukifungua kila mlango wa kabati, kila droo, na hasa shimo la kuwekea kamba na matanga pale nyuma pa kukalia nahodha. Unatafuta mpira unaocheza. Ukiuona unacheza hapa na hauchezi pale, kati ya hapa na pale kuna kitu kilichofungwa kwa skrubu. Hicho ndicho.

Kama haijaonekana, tumia sikio. Hii ni baada ya kusafisha, tangi likiwa na maji safi kidogo, na swichi ikibonyezwa kwa sekunde tano tano tu, maana valvu bado imefungwa. Chukua bisibisi ndefu, weka ncha kwenye ubao na mpini kwenye mfupa ulio mbele ya sikio, kama mafundi wa magari wanavyosikiliza beringi. Bandika kipande cha utepe wa karatasi wenye gundi pale sauti inapokuwa kali, sogea, bandika tena. Faiba inasafirisha sauti, kwa hiyo utadanganywa mara moja au mbili. Hapo fungua dira kwenye simu yako, uipitishe taratibu juu ya ubao: mota hizi nyingi zina sumaku ndani, na dira ikiikaribia inageuka kama imeitwa jina. Kaa mbali na injini tu, chuma chake kitaivuruga. Mwisho, simu hiyohiyo iwashe video na taa, ifunge kwenye fimbo, iingize kwenye upenyo ambao kichwa chako hakiingii. Itazame video ukiwa umekaa. Utaona mengi ambayo jicho lilipita.

Kwa maelezo yako ningeweka dau kwamba iko chini ya kitanda hicho cha nyuma kweli, ila inafikiwa kutoka kwenye shimo la kamba, si kutoka juu ya kitanda. Toa kila kitu kilichomo shimoni: kamba, nanga ya akiba, maboya, ile ndoo iliyopasuka. Huwa kuna kibao chembamba cha kuzuia kamba zisianguke ndani, kimeshikwa na skrubu nne zilizopakwa rangi mpaka hazionekani. Kwangua rangi kwa kucha utaziona.

Ikibidi kukata, ukate kibao hicho, au ubao wa juu wa kitanda ambao haubebi kitu zaidi ya godoro. Kuta zinazokatiza boti kutoka ubavu hadi ubavu usizitoboe, hasa zilizo karibu na mlingoti, kwa sababu ndizo zinazozuia mwili wa boti usijipinde matanga yakijaa. Toboa kwanza tundu la penseli, chungulia kwa kamera, ndipo msumeno mfupi ufuate.

Umeipata. Toa fyuzi yake kabisa na uitie mfukoni. Hakikisha valvu imefungwa, bana mipira kwa jiriwa, weka karai chini. Mpira uliogandama kwenye pua ya pampu usiuvute kwa hasira, pua ni ya plastiki. Uchane kwa urefu kwa kisu, sentimita mbili au tatu, utafunguka kama ganda la ndizi; ukiurudisha utakata kipande hicho kilichochanwa, urefu wa mpira ukiruhusu.

Pampu ikiwa huru mkononi, irudishie umeme na uweke kidole gumba, chenye glavu, kwenye mdomo wa kuingizia. Ikikivuta barabara, pampu haina tatizo; aliyeziba ni mpira au valvu, kama nilivyokushuku. Ikivuta kinyonge, ifungue. Piga picha kabla ya kutoa kila kipande, na zaidi upande vilango vinakoelekea, kwa sababu kilango kikirudishwa kinyume pampu itagonga vizuri sana na haitasukuma hata tone. Mara nyingi kosa liko hapo: vijiti vya masikio, nywele, uzi wa pedi uliojisokota, au mpira wenyewe umekuwa mgumu na haufumbi. Kiwambo kikunje kwenye mwanga wa jua. Ufa mwembamba utauona. Gamba jeupe liloweke kwenye siki usiku kucha. Kwa kuwa unasukumia choo maji ya ziwa, gamba litakuwa dogo kuliko la wenzetu wa baharini, ambako chumvi hukutana na mkojo mpaka mpira unabaki na tundu la kalamu. Ushauri wa tindikali kali utakaousoma kwao wewe huuhitaji.

Vipuri vinauzwa kwa seti, vilango na kiwambo pamoja, kwa jina na namba zilizoandikwa kwenye bamba la pampu. Agiza seti mbili, kwa sababu kusubiri ni kulekule. Kwa dharura, kama kilango chako ni cha kipande bapa, kinaweza kukatwa kutoka kwenye tyubu ya lori na kikakuvusha wiki kadhaa, nimefanya. Kama ni cha umbo la mdomo wa bata, usijisumbue. Wakati wa kufunga paka grisi ya silikoni, si silikoni ya kubandikia, au hata sabuni ya maji, usipake grisi ya gari, inavimbisha mpira. Skrubu zikaze kwa msalaba, kwa mkono, bila drili. Mipira ilainishe kwa maji moto ya chupa ya chai, usitumie kiberiti, na kila pua ipate klipu mbili. Klipu zijaribu kwa sumaku dukani: nyingi zina mkanda usioshika kutu lakini skrubu yake ni chuma cha kawaida. Unganisho la waya likiwa na ukijani, likate ulifanye upya. Waya wa milimita za mraba 1.5 wa taa za nyumbani, kwa pampu ya ampea 6 iliyo mita 5 kutoka kwenye betri, unapoteza karibu volti 0.7 kwenda na kurudi. Wa milimita za mraba 4 unapoteza robo volti tu.

Mipira yenyewe ipime kwa kitambaa. Kichovye kwenye maji moto, usugue mpira kwa nje, unuse kitambaa. Kikinuka, mpira umeshapitisha, badilisha wote.

Halafu, Masanja, usiirudishe ilikokuwa. Pampu ya kiwambo inaweza kunyonya kutoka chini, kwa hiyo haina sababu ya kukaa chini ya tangi. Ipandishe hadi kwenye kabati la chooni, juu ya usawa wa tangi, ili siku nyingine ukilegeza klipu ushuke uchafu uliomo ndani ya mpira tu, si wa tangi zima. Mpira wa kutolea uondoe kwenye valvu ya chini, mdomo wa valvu uuzibe kwa kizibo, na huo mpira uupandishe kwenye tundu jipya la sitahani ambako utaunganisha mpira wa kupeleka kwenye dumu au gari. Usiache upinde unaoning'inia katikati, uchafu utalala hapo na kunuka.

Kama kabati ni dogo na lazima irudi shimoni, basi ifunge kwanza kwenye ubao wa plywood wa ukubwa wa sahani, na ubao huo uushike ukutani kwa bolti mbili zenye nati za masikio. Acha waya na mipira iwe na urefu wa ziada wa mkono mmoja. Siku ya kazi unaingiza mkono gizani, unazungusha masikio mawili, unaivuta pampu nzima na ubao wake mpaka kwenye mwanga, unaifungulia mapajani. Kichwa hakiingii shimoni tena.

Kisha mimina lita 20 za maji safi tangini, elekeza mpira wa sitahani kwenye dumu la lita 20, bonyeza swichi na utazame saa. Pampu nzima ya aina hii hujaza dumu kwa dakika moja na nusu hadi mbili. Muda utakaoupata uandike kwa kalamu ya wino mzito kwenye ule ubao, pamoja na tarehe, na kila baada ya miezi sita ujaribu tena kwa dumu hilohilo.